Aliyetoka ICU Hajamaliza Kuugua

Singe ni moja ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, mkoani Manyara. Ni sehemu ya mji, lakini maisha ya wengi bado yanafuata jembe: mahindi na mbaazi katika shamba moja, alizeti pembeni, mifugo michache, na biashara ndogondogo za kuziba pengo. Mvua zikishika, kila mwenye mikono hutazamiwa shambani, na aliyerudi kutoka hospitali hutazamiwa pia. Mwanzoni hapewi kazi. Majirani humletea uji na maziwa, humpa pole, humshukuru Mungu kwamba ametoka kwenye mashine. Akishaanza kula vizuri na uso ukajaa, matarajio hubadilika, kwa sababu sasa anaonekana mzima. Lakini akipalilia mstari mmoja anakaa chini. Akichota maji asubuhi, mchana kutwa yuko kitandani. Akiulizwa jambo la jana, anahangaika kulikumbuka. Hapo maneno huanza: anadeka, amezoea kuhudumiwa, au pengine kuna mkono wa mtu.

Nataka kutetea jambo moja. Uchovu wa mtu aliyenusurika katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) ni sehemu ya ugonjwa uliompeleka huko. Una chanzo mwilini, una muda wake, na yapo mambo yanayoupunguza na mengine yanayouzidisha. Kwa hiyo tiba ya mtu huyo haiwezi kuhesabiwa kuwa imekwisha siku aliyopewa ruhusa. Miezi inayofuata, ambayo kwetu hupita nyumbani na shambani, ni miezi ya matibabu, na inastahili maelekezo kama zilivyostahili dawa.

Huduma ya ICU yenyewe si kongwe. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na mlipuko wa polio uliopooza misuli ya kupumua. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipendekeza wagonjwa wapitishiwe mrija kooni na kupewa hewa kwa mkono. Wanafunzi wengi wa udaktari wakapokezana usiku na mchana kubinya mifuko ya hewa, na vifo vikashuka sana. Mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha wodi inayohesabiwa kuwa miongoni mwa ICU za kwanza duniani. Tangu hapo, kwa miongo kadhaa, mafanikio ya huduma hii yalipimwa kwa swali moja: mgonjwa ametoka akiwa hai, au hakutoka? Lilikuwa swali la haki kwa wakati wake. Kasoro yake ni kwamba halikumfuata mgonjwa nyumbani.

Miongoni mwa waliomfuata ni daktari Margaret Herridge na wenzake wa Toronto, Canada. Mwaka 2003 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mzima watu 109 walionusurika baada ya mapafu yao kushindwa kazi ghafla. Hawakuwa wazee, umri wao wa kati ulikuwa miaka 45. Walipotoka ICU walikuwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 49 tu ndio waliokuwa wamerudi kazini, na walipopimwa wanatembea umbali gani kwa dakika sita, walifikia takriban theluthi mbili ya umbali unaotarajiwa kwa watu wa umri na umbo lao. Mwaka 2011 watafiti hao walitoa matokeo ya miaka mitano. Mapafu yalikuwa yamerudi katika hali ya kawaida au karibu na kawaida, lakini mwendo ulikuwa umefikia asilimia 76 tu. Kiungo kilichowaingiza hospitali kilikuwa kimepona, ilhali wenyewe walikuwa bado hawajarudi walikokuwa. Anayempima mgonjwa kwa kiungo kimoja atamwambia kwa dhati kwamba hana tatizo, na atakuwa amekosea.

Mwaka 2010 wataalamu wa tiba ya wagonjwa mahututi walikutana Marekani na kukubaliana kuyatazama madhara haya kama kundi moja lenye sehemu tatu: udhaifu wa mwili, kasoro za kumbukumbu na kufikiri, na majeraha ya nafsi kama sonona, wasiwasi na kurudiwa na vitisho vya wodini. Waliijumuisha na familia ya mgonjwa, kwa sababu mke, mume au mtoto aliyekesha nje ya wodi naye huweza kubaki na madhara. Uchovu unapita katika sehemu zote hizo, na ndiyo sababu ni vigumu kuuelewa na ni rahisi kuudharau.

Tuanze na misuli. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2013 vipimo vya wagonjwa mahututi 63, wakiutazama msuli wa mbele wa paja kwa ultrasaundi. Ndani ya siku kumi tu, msuli huo ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18, na ulipungua zaidi kwa wale ambao viungo kadhaa vilikuwa vimeshindwa kazi kwa pamoja. Kulala kitandani peke yake hakutoshi kueleza kasi hiyo. Katika ugonjwa mkali, mwili huvunja protini ya misuli haraka kuliko unavyoijenga. Mishipa ya fahamu nayo huweza kuumia, hivyo hata msuli uliobaki haupati amri kamili ya kukaza. Ndani ya seli, mitokondria zinazotengeneza nishati huvurugika. Mtu wa namna hii akiinuka kwenye kigoda anatumia sehemu kubwa ya nguvu zote alizonazo, ilhali jirani yake mzima anatumia sehemu ndogo. Kitendo ni kilekile, lakini gharama yake mwilini haifanani.

Kuna damu. Maambukizi makali huzuia mwili kutengeneza chembe nyekundu ipasavyo, na kuchukuliwa vipimo mara kwa mara, upasuaji au kutokwa damu huongeza upungufu. Wengi hutoka wodini wakiwa na damu kidogo. Katika maeneo ambayo malaria, minyoo na lishe duni huwa vimeshapunguza damu ya watu kabla hawajalazwa, upungufu huo huchelewa kujazwa.

Kuna ubongo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha taarifa za wagonjwa 821. Karibu robo tatu waliweweseka au kuchanganyikiwa wakiwa hospitalini. Miezi mitatu baada ya kutoka, asilimia 40 ya waliopimwa walikuwa na uwezo wa kufikiri unaofanana na wa mtu aliyeumia kichwa kwa kiwango cha kati, na baada ya mwaka mzima hali hiyo ilikuwa bado kwa takriban theluthi moja. Kadiri kuweweseka kulivyodumu siku nyingi, ndivyo matokeo yalivyokuwa mabaya. Kufikiri kwa taabu kunachosha mwili. Mama lishe ambaye zamani alipiga hesabu za wateja sita kichwani, sasa anasimama juu ya chenji ya mtu mmoja na kutoka jasho.

Na kuna usingizi na nafsi. Wodi ile ina taa, kengele za mashine na mikono inayomgeuza mgonjwa usiku wa manane. Utaratibu wa mwili wa kulala na kuamka huvunjika na haurejei kwa siku moja mtu akirudi nyumbani. Wengine hukumbuka mambo ambayo hayakutokea: watu waliotaka kuwaua, maji yaliyojaa chumbani, marehemu waliosimama miguuni mwa kitanda. Ndoto hizo huwafuata nyumbani. Mtu anayeogopa kufumba macho hawezi kuamka akiwa amepumzika, na akikosa wa kumwambia hunyamaza, kwa kuhofia kuonekana amepagawa.

Kwa hiyo lazima tutenganishe mambo mawili ambayo nyumbani huchanganywa. Udhaifu ni nguvu kupungua: mkono haubani, goti halinyanyuki. Uchovu ni hisia ya kuishiwa isiyolingana na kazi iliyofanyika na isiyoondoka kwa kulala usiku mmoja. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Anaweza pia kurudisha nguvu za misuli na bado akabaki na uchovu. Huyu wa pili ndiye anayeonewa zaidi, maana hakuna wa kuuona ugonjwa wake kwa macho.

Je, haya ni mambo ya Toronto na London tu? Ni ya hapa, na pengine hapa ni mengi kuliko tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kila kumi wa mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Maana yake ni nzito. Kwetu, mtu anaweza kupita katika ugonjwa uleule, kuweweseka kulekule na kupoteza misuli vilevile bila kuingia kabisa katika chumba kinachoitwa ICU. Tukiwatafuta waliotoka chumba hicho peke yao, wengi watatupita. Swali linalofaa kuulizwa Singe ni hili: nani aliugua hadi kukaribia kufa, na amerudi?

Jibu lina sura nyingi. Yumo mama aliyepata kifafa cha mimba au kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, akarudi na kichanga cha kulea kabla mwili wake haujaweza kujibeba wenyewe. Yumo kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa katika barabara kuu; Babati ni njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida, na magari makubwa hayakosekani. Yumo mzee aliyepona nimonia kali. Wamo pia majeruhi wa maafa: Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliwakumba watu wa Katesh na vijiji vya jirani, katika mkoa huuhuu. Zaidi ya watu 80 walikufa, na majeruhi walikuwa zaidi ya mia moja. Taarifa za maafa kwa kawaida huhesabu waliokufa na waliojeruhiwa, kisha huishia siku ya kuruhusiwa. Maisha ya waliojeruhiwa hayaishii hapo.

Katika miaka ya karibuni serikali imewekeza katika kuwaokoa watu hawa. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ilikwenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya huduma za dharura na mitambo ya oksijeni. Mfumo wa m-mama, unaotumia namba 115, huwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Ni kazi njema, nami naiunga mkono bila kusita. Lakini kila maisha yanayookolewa huongeza idadi ya wanaohitaji kusaidiwa baadaye, na upande huu wa pili hatujawekeza kwa uzito unaofanana.

Tazama suala la kipato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara. Kwa mwalimu au karani, hiyo ni takriban miezi minne ya kupumua, ingawa tumeona kwamba wengi huhitaji zaidi ya hapo. Mkulima wa Singe, fundi wa kujitegemea, dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni, hawana hata siku moja. Familia imeshauza mbuzi au kukopa kwa ajili ya dawa na nauli, na deni linadai mgonjwa asimame. Hivyo anasimama kabla ya wakati, anaanguka, anarudi nyuma wiki mbili, anajaribu tena. Ukichunguza utaona kwamba umaskini unaongeza siku za ugonjwa kwa njia hii iliyo wazi kabisa: unamnyima mgonjwa mapumziko ambayo yangempunguzia siku hizo.

Sasa, kifanyike nini? Hatua ya kwanza ni kutokubali jibu la haraka. Si kila uchovu baada ya kulazwa ni matokeo ya kulazwa. Kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi, malaria ya kurudiarudia, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, moyo kushindwa kazi na figo zilizoumia vyote huchosha. Katika mkoa wa wafugaji kama Manyara, homa ya brusela itokanayo na maziwa mabichi au kugusa mnyama aliyetupa mimba lazima ifikiriwe. Mgonjwa aliyechoka kwa wiki kadhaa anastahili kupimwa wingi wa damu, sukari na yale mengine ambayo daktari ataona yanahusika. Na ziko dalili za kumrudisha hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki: homa, kukonda tena, kikohozi kisichokoma, miguu kuvimba, kushindwa kupumua akilala chali, maumivu ya kifua, au mawazo ya kujiua. Aliyewahi kuwekewa mrija kooni akianza kukoroma au kutoa mlio anapovuta hewa akiwa macho, hiyo ni dharura, kwa sababu njia ya hewa inaweza kuwa imebanwa na kovu.

Hatua ya pili huanza mgonjwa akiwa bado wodini. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wote walisimamishiwa dawa za usingizi kwa muda kila siku, lakini karibu nusu yao walianzishiwa pia mazoezi mapema, hata mashine ikiwa bado kazini. Asilimia 59 ya hawa waliondoka hospitali wakiweza kujihudumia, ikilinganishwa na asilimia 35 ya wenzao. Hii haikuhitaji dawa mpya. Ilihitaji mtaalamu wa fiziotherapia, muuguzi mwenye muda, na imani kwamba mgonjwa mahututi hapaswi kuachwa alale tu. Hata ndugu wanaoingia saa ya kuona wagonjwa wanaweza kuelekezwa kumkunja na kumkunjua viungo, kumtajia siku na mahali alipo, na kumrudishia miwani yake.

Hatua ya tatu ni nyumbani. Chakula cha kujenga misuli kipo Babati: mbaazi na maharage, mayai, maziwa yaliyochemshwa, perege na kambare wa ziwani. Ajitahidi kula kidogo mara nyingi, kwa sababu sahani kubwa humshinda. Uji wa unga mtupu unashibisha lakini haujengi. Kisha mwendo: kuinuka kwenye kiti mara chache, kutembea hadi getini, kesho kutwa hadi kwa jirani, kwa kuongeza polepole. Kipimo ni siku inayofuata. Akiamka kesho akiwa kama jana, anaweza kuongeza. Akiamka ameishiwa nguvu kwa kazi ya jana, apunguze na atulie hapo kwa siku kadhaa. Tahadhari hii ina uzito: mwaka 2021 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliacha kupendekeza programu za mazoezi ya kupandisha kwa ratiba isiyobadilika kwa wagonjwa wa uchovu sugu ambao huzidiwa baada ya kujitumikisha. Si kila aliyetoka ICU yumo katika kundi hilo, lakini kumlazimisha mtu wakati mwili umeshakataa si kumsaidia. Kazi ngumu zaidi ya siku aiweke saa ambayo ana nguvu, apumzike kabla hajaishiwa, na kazi moja aigawe katika vipande.

Ni lazima niseme pia kwamba hakuna njia ya mkato iliyothibitika. Kliniki za ufuatiliaji zenyewe hazijaonyesha matokeo makubwa kila mahali. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2009, lenye wagonjwa 286, halikuona tofauti ya ubora wa maisha baada ya mwaka kati ya waliofuatiliwa na wauguzi na wasiofuatiliwa. Hilo linatufundisha kutoahidi miujiza. Halitupi ruhusa ya kukaa kimya. Kumweleza mtu kinachomsibu, kumpima magonjwa mengine na kuikinga ndoa yake na shutuma ya uvivu ni mambo yenye thamani hata pale kipimo cha dakika sita kisipobadilika.

Na njia ya kuyafanya ipo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila mtaa au kitongoji. Wameandaliwa kushughulika na afya ya mama na mtoto, lishe, na magonjwa ya kuambukiza na yasiyoambukiza. Kuwaongezea jukumu la kumtembelea kila aliyetoka hospitali baada ya kuwa mahututi hakuhitaji jengo wala mashine. Kunahitaji taarifa: hospitali imtaje mgonjwa kwa zahanati ya kata yake, kwa ridhaa yake, naye afikiwe katika wiki ya pili, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Maswali ni ya kawaida. Unatembea hadi wapi? Unalala? Unakumbuka dawa zako? Una huzuni? Nani anakusaidia, naye hali yake ikoje?

Karatasi ya ruhusa nayo ibadilike. Kwa kawaida huandikwa ugonjwa, dawa na tarehe ya kurudi. Iongezwe sehemu fupi, kwa Kiswahili, inayosomwa kwa sauti mbele ya mgonjwa na ndugu atakayekaa naye: kwamba uchovu unaweza kudumu miezi, pengine mwaka au zaidi, kwamba kusahau na kuota ndoto mbaya hutokea kwa wengi na upo msaada, kwamba kazi nzito irudiwe kwa hatua, na kwamba dalili zilizotajwa hapa zisingoje. Isomwe na daktari au muuguzi, kwa sababu neno lake lina uzito ambao mgonjwa hana. Mama mkwe anayedhani mkamwana wake anakwepa jembe anahitaji kusikia hivyo kutoka kwa mtu anayemheshimu, na mgonjwa mwenyewe anahitaji kusikia hivyo ili asijihukumu.

Kumwokoa mtu katika hali ya mahututi kunagharimu fedha za umma, mali ya familia na usiku mwingi wa wauguzi. Tukishalipa gharama hiyo yote, kisha tukamwacha aliyeokoka aitwe mvivu kwa kukosa maelezo ya dakika kumi na kutembelewa mara nne, tunapoteza sehemu kubwa ya kile tulichokilipia. Halmashauri, hospitali na zahanati zinaweza kuanza na hayo mawili bila kungoja bajeti mpya, na Babati ni mahali pazuri pa kuanzia.